Jinsi ya kuandaa ramani ya kuhamisha watu dharura ya nyuklia ikitokea

Tarehe 11 Machi 2011, saa 8:46 mchana kwa saa za Japani, ardhi ilitetemeka kwa kipimo cha 9.0. Haikupita saa moja tsunami ikaingia kwenye kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi. Saa 2:50 usiku mkoa ukaamuru watu walio ndani ya kilomita 2 waondoke. Saa 3:23 usiku serikali kuu ikasema kilomita 3. Saa 11:44 alfajiri ikawa kilomita 10. Alasiri ya tarehe 12 jengo la kinu namba 1 likalipuka kwa hidrojeni, na saa 12:25 jioni amri ikafika kilomita 20. Ni chini ya saa 22 kutoka amri ya kwanza mpaka hiyo ya mwisho. Kuna familia zilizohama, zikashusha mizigo, zikaambiwa zihame tena.

Mwongozo huu unahusu kazi inayotakiwa kufanyika miaka kadhaa kabla ya usiku kama ule. Nauandika kwa afisa wa mipango wa kaunti au wilaya, mwanafunzi wa jiografia, mtu wa idara ya maafa, na yeyote anayejua kufungua ramani kwenye kompyuta. Jambo lenyewe haliko mbali nasi. Kenya imekuwa ikitafuta mahali pa kujenga kinu, kwanza Uyombo kule Kilifi ambako wenyeji walikataa, kisha macho yakageukia Siaya. Uganda inaitaja Buyende. Afrika Kusini wanacho Koeberg, kaskazini mwa Cape Town, tangu miaka ya 1980. Iwe unaunga mkono kinu au unakipinga, swali la "tutatokaje hapa?" lazima lijibiwe kwa ramani, na mwenye ramani nzuri ndiye anayeweza kumbana anayeahidi.

Uwanja wetu wa mazoezi utakuwa Fukushima, kwa sababu yaliyotokea pale yameandikwa saa kwa saa. Ukimaliza kuchora utaweza kulinganisha ramani yako na ukweli. Ukishaizoea kazi, badilisha mahali.

Vifaa: kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8 inatosha. Pakua QGIS, programu ya kuchora ramani, ni ya bure. Barabara, majengo na mipaka utavipata OpenStreetMap. Idadi ya watu utaipata WorldPop au GHSL, nazo ni bure. Kama intaneti yako ni ya kusuasua, pakua kila kitu siku moja ukihifadhi kwenye diski.

Hatua ya 1: Weka kinu mahali pake, na upime kwa mita

Fungua mradi mpya, uweke nukta kwenye latitudo 37.4214 kaskazini na longitudo 141.0325 mashariki. Hapo ndipo Fukushima Daiichi ilipo, ufukweni, kati ya miji ya Okuma na Futaba.

Kabla hujachora chochote, badilisha projeksheni (njia ya kulaza dunia ya mviringo kwenye ramani bapa) ya mradi na ya tabaka lako iwe UTM kanda ya 54 kaskazini, inayopima kwa mita, namba yake EPSG:32654. Hapa wengi wanateleza, hasa sisi tuliojifunzia karibu na ikweta, kwa hiyo nitalionyesha kwa hesabu.

Ukiacha data yako kwenye nyuzi za latitudo na longitudo, programu itakuomba ukubwa wa duara kwa nyuzi. Mtu atapiga hesabu ya haraka: nyuzi moja ni kama kilomita 111, basi kilomita 20 ni nyuzi 0.18. Akijaribu hivyo Kilifi, duara linatoka zuri. Kosa la mashariki na magharibi halizidi mita 40 hivi, hutaliona. Akienda Fukushima na kanuni ileile, nyuzi moja ya longitudo kule ni kilomita 88 tu. Duara lake linafika kilomita 20 kaskazini na kusini, lakini magharibi linaishia kilomita 15.9. Vijiji vyote vya kati ya kilomita 16 na 20 upande wa milimani vimebaki nje ya amri, na ramani bado inapendeza. Ukiona duara limekaa kama yai, simama hapohapo urudi kwenye projeksheni.

Kwa Kilifi utatumia EPSG:32737. Kwa Siaya ikweta inapita ndani ya kaunti yenyewe, kwa hiyo chagua kanda moja, 32636 au 32736, na tabaka zote ziwe za hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Chora kanda, kisha uzifuatishe mipaka ambayo watu wanaijua

Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, kwa vinu vikubwa, linapendekeza ukanda wa ndani wa kilomita 3 hadi 5 ambao watu wake huondoka mapema kabisa, na ukanda wa pili wa kilomita 15 hadi 30 ambao hupangiwa hatua za haraka. Japani baada ya 2011 ilichukua 5 na 30. Koeberg wanatumia 5 na 16. Marekani ukanda wao wa kujikinga na wingu la mionzi ni maili 10, yaani kama kilomita 16.

Chora bafa, yaani maduara ya umbali kuzunguka kinu, za kilomita 5, 20 na 30. Kisha gawanya duara kubwa kwenye vipande 16 vya nyuzi 22.5 kila kimoja, kama keki iliyokatwa kutoka katikati. QGIS ina zana ya kuchora bafa za umbo la kipande: unaipa mwelekeo, upana wa pembe na umbali, nayo inachora.

Sasa tazama mji wa Minamisoma, kaskazini ya kinu. Duara la kilomita 20 na lile la 30 yaliukata mji huo mapande matatu: Odaka wakaambiwa waondoke, Haramachi wakae ndani ya nyumba, na sehemu kubwa ya Kashima hawakuambiwa kitu. Mji mmoja, meya mmoja, amri tatu. Malori ya chakula na mafuta nayo yaliogopa kuingia, hata kwa waliobaki kihalali.

Ndiyo maana duara ni rasimu tu. Lilaze juu ya tabaka la mipaka ya kata, vijiji na vitongoji, halafu chagua kila eneo ambalo duara limeligusa, ulichukue zima. Mahali ambapo mpaka wa kata hauonekani kwa macho, fuata mto, reli au barabara kuu. Mama anayesikiliza redio hajui kilomita 16 kutoka kinuni ni wapi. Anajua "ng'ambo ya mto" na "kuanzia sokoni kwenda chini". Kila eneo lipe jina na namba, na jina hilohilo ndilo litakalotangazwa redioni.

Hatua ya 3: Hesabu watu, usiku na mchana

Ingiza rasta ya WorldPop, yaani ramani ya vimraba (pikseli) vya mita 100, kila kimoja na idadi yake ya watu, kisha tumia zana ya takwimu za kanda kujumlisha watu katika kila eneo ulilolichora. Ni kazi ya dakika tano, na ndiyo inayodanganya zaidi. Namba za rasta hizi ni makadirio yaliyosambazwa na kompyuta. Wakati mwingine huweka watu msituni na kuwapunguza mjini. Laza tabaka la majengo juu yake. Palipo na watu 400 bila paa hata moja, sahihisha.

Halafu namba hiyo ni ya watu waliolala. Tengeneza safu ya pili ya mchana: wanafunzi wako shuleni, wavuvi wako baharini, siku ya mnada watu wametoka vijiji kumi kuja kimoja. Pwani, ongeza wageni wa hotelini wasiojua hata jina la barabara iliyo nje ya geti.

Hatua ya 4: Tafuta wasioweza kuondoka wenyewe

Kama una siku kumi za kazi, tumia nne kwenye hatua hii. Nasema hivyo kwa sababu hapa ndipo watu walipokufa.

Ndani ya kilomita 20 kutoka Fukushima Daiichi kulikuwa na hospitali saba zenye wagonjwa wapatao 850. Kufikia mwisho wa Machi, wasiopungua 60 kati yao walikuwa wamefariki. Hawakuuawa na mionzi. Waliuawa na safari: kukaa kitako kwenye basi mtu asiyeweza kukaa, dripu iliyokatwa, baridi, kiu, kukosa mhudumu. Kundi moja la wagonjwa na wazee kutoka Okuma lilizungushwa zaidi ya kilomita 200 kwa basi kabla ya kushushwa kwenye ukumbi wa shule mjini Iwaki, mji ulio upande wa kusini tu wa kule walikotoka. Baadaye watafiti walipofuatilia nyumba tano za wazee huko Minamisoma, walikuta hatari ya kufariki baada ya kuhamishwa imepanda karibu mara 2.7.

Kwa hiyo fungua tabaka jipya la nukta na uweke kila hospitali, zahanati yenye vitanda, nyumba ya wazee, shule ya bweni, shule ya watoto wenye ulemavu, na gereza. Kila nukta iwe na safu hizi: vitanda vingapi, wangapi wanatembea, wangapi wanakaa tu, wangapi lazima walale njia nzima, nani anategemea oksijeni au mashine, simu ya zamu ya usiku, na hospitali gani imekubali kwa maandishi kuwapokea. Safu hiyo ya mwisho ikiwa tupu, kazi ya nukta hiyo haijaisha.

OpenStreetMap itakupa labda nusu ya nukta hizo. Zilizobaki utazipata kwa miguu, au kwa simu yenye QField, programu ya kufungulia ramani za QGIS ukiwa nje, pamoja na mtu wa eneo hilo. Nesi mmoja mwenyeji atakuambia habari ambayo satelaiti haitakuonyesha: kwamba jenereta ya zahanati haijawaka tangu mwaka juzi, kwamba lango la nyuma halipitishi gari la wagonjwa.

Ongeza pia safu ya "wabaki kwanza". Kwa baadhi ya wagonjwa mahututi, kukaa ndani ya jengo zuri, madirisha yamefungwa, kukiwa na maji, dawa na wahudumu, mpaka gari sahihi lifike, ni salama kuliko kupakiwa kwenye basi saa nane usiku. Uamuzi huo ni wa madaktari. Kazi ya ramani ni kuonyesha jengo gani linafaa na wahudumu wake watafikiwa vipi.

Hatua ya 5: Barabara

Pakua mtandao wa barabara wa OpenStreetMap wa eneo la kilomita 60 kuzunguka kinu, si 30, kwa maana msongamano hauishii kwenye mpaka wa ukanda. Kila kipande cha barabara kipe mwendo wa kweli, si ule wa kibao. Barabara ya vumbi yenye kibao cha 50, wakati wa masika ukiandika 15 utakuwa umesema ukweli.

Pale Fukushima utaona haraka tatizo lilivyo. Barabara ya taifa namba 6 inafuata pwani, kaskazini na kusini. Namba 288 inapanda magharibi kuelekea Koriyama. Namba 114 inatoka Namie, mji ulio kaskazini ya kinu, na kukata milima kuelekea kaskazini-magharibi, mji wa Fukushima. Njia za kweli za kukimbilia bara ni chache, kila moja inapinda milimani, na ile ya pwani ilivunjwa na tetemeko na kufunikwa na maji.

Fanya hesabu ya mkono kabla ya kuiamini kompyuta. Namie ilikuwa na watu wapatao 21,000. Tuseme kila gari linabeba watu 2.5: ni magari 8,400. Tuseme njia moja ya kwenda, ikiwa imejaa, inapitisha magari 800 kwa saa. 8,400 ukigawanya kwa 800 ni saa 10 na nusu kwa gari la mwisho kupita, hata kama hakuna aliyegonga wala kuishiwa mafuta. Ndiyo sababu huwezi kupanga mji mzima kwenye barabara moja kwa kuwa tu ndiyo fupi.

Kwetu hesabu ni nyingine, maana kaya nyingi hazina gari. Hapo hesabu mabasi. Watu 6,000 wasio na usafiri, mabasi 20 ya abiria 50, ni watu 1,000 kwa mzunguko. Mizunguko sita, kila mmoja saa mbili kwenda na kurudi, ni karibu saa 12. Pripyat, karibu na Chernobyl, mabasi zaidi ya 1,000 yaliletwa, wengi wa madereva wakitoka Kyiv, na alasiri moja ya tarehe 27 Aprili 1986 watu karibu 50,000 waliondolewa. Wewe mabasi yako yanalala wapi usiku? Yawekee tabaka lake: stendi, gereji, shule zenye mabasi, kambi za jeshi. Na muulize dereva, uso kwa uso, kama atakubali kurudi ndani mara ya pili. Jibu lake liandike.

Kwenye QGIS, zana ya uchambuzi wa mtandao itakupa njia ya haraka zaidi kutoka kila eneo hadi nje ya ukanda, na eneo linalofikika kwa dakika 30 au 60. Iendeshe mara tatu. Mara ya kwanza barabara zote zikiwa nzima. Mara ya pili ukiwa umefuta madaraja na kila kipande kilicho chini ya mita kadhaa kutoka usawa wa bahari, kwa sababu ajali ya kinu mara nyingi huja na janga lililoisababisha. Mara ya tatu ukifuta ile barabara moja inayotegemewa na wengi. Maeneo yasiyo na njia kabisa mara ya pili au ya tatu yapake rangi nyekundu iliyokolea, umpelekee mwenye bajeti ya madaraja.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, programu ya SUMO, ya bure pia, inaigiza gari moja moja barabarani. Ijaribu ukishamaliza hesabu ya mkono na majibu yako yakiwa mezani.

Hatua ya 6: Upepo

Watu wengi wa Namie walikimbia kwa barabara namba 114 mpaka Tsushima, kama kilomita 30 kutoka kinuni, na ofisi ya mji ikahamia huko nao. Walipika nje, watoto walicheza nje. Tarehe 15 Machi upepo ukaelekea kaskazini-magharibi, mvua na theluji zikaliteremsha wingu ardhini, na sesiamu, chembe zenye mionzi, ikatanda kwenye bonde lilelile walilokimbilia. Serikali ilikuwa na mfumo wa kompyuta uitwao SPEEDI uliokuwa ukikadiria mwelekeo wa wingu. Matokeo yake hayakutangazwa kwa umma mpaka tarehe 23 Machi. Kijiji cha Iitate, takriban kilomita 40 kutoka kinuni, nje kabisa ya duara, kiliingizwa rasmi kwenye eneo la kuhamishwa tarehe 22 Aprili.

Kila ninapoifungua ramani hii, barabara 114 na doa la sesiamu zikiwa zimelala moja juu ya nyingine, natamani mtu mmoja tu angekuwa ameilaza hivyo kabla ya 2011 na kuuliza: upepo ukifuata barabara hii, watu wetu tunawapeleka wapi?

Fanya swali hilo kuwa zoezi. Tafuta takwimu za upepo za miaka kadhaa za kituo cha hali ya hewa kilicho karibu, zigawe kwa msimu na kwa saa, maana pwani upepo wa bahari wa mchana hugeuka usiku ukawa wa nchi kavu. Sasa angalia jambo dogo linaloharibu kazi nzima: mwelekeo wa upepo huandikwa kwa kule unakotoka. Baharia wetu hakosei hapa, kwani kaskazi inatoka kaskazini na jahazi linapelekwa kusini, na kusi kinyume chake. Lakini zana ya kuchora vipande inataka kule wingu linakoelekea. Kwa hiyo ongeza 180, na jibu likipita 360 toa 360. Upepo wa kusini-mashariki, nyuzi 135, unachorwa 315. Ukisahau, umewaelekeza watu wote ndani ya wingu.

Chora vipande 16 vya upana wa nyuzi 67.5, yaani sekta tatu kwa pamoja, mpaka kilomita 30, kila kimoja kikielekea sekta yake. Kwa kila kipande jumlisha watu, orodhesha barabara zinazobaki upande salama, na uandike vituo vya kupokelea vilivyo nje ya kipande. Mwisho utakuwa na kurasa 16. Dharura ikija, afisa wa zamu anafungua ukurasa mmoja.

Kipande cha upepo kisije kikamchelewesha mtu wa ukanda wa ndani. Walio ndani ya kilomita 5 huondoka pande zote hali ya kinu ikishakuwa mbaya, bila kungoja hesabu ya upepo, kwa sababu upepo hubadilika na programu za kukadiria wingu zinahitaji kujua mionzi kiasi gani imetoka, jambo ambalo saa za mwanzo hakuna anayelijua.

Hatua ya 7: Vituo vya kupokelea na chumba cha amri

Kila eneo lipangiwe vituo viwili vilivyo pande tofauti, vyote nje ya ukanda wa pili. Angalia maji, vyoo, na sehemu ya kuwapima watu na magari mionzi kabla hawajaingia. Weka pia nukta za kugawia vidonge vya iodini vinavyokinga tezi ya shingoni, ambazo lazima ziwe karibu na watu, kwani vidonge hufanya kazi vizuri vikimezwa kabla wingu halijafika au mara tu lilipofika.

Chumba cha amri cha Fukushima kilikuwa Okuma, kama kilomita 5 kutoka kinuni. Umeme ulikatika, hewa haikuchujwa, mionzi ikapanda, na tarehe 15 Machi maafisa nao wakahama. Chako kiweke mbali, na kiwe na cha akiba upande mwingine.

Hatua ya 8: Geuza kilomita ziwe saa

Muda wa kuhamisha una sehemu tatu: muda wa taarifa kumfikia mtu, muda wa yeye kujiandaa, na muda wa safari. Wapangaji huhesabu ule wa tatu na kusahau kwamba mzazi hatoki bila mtoto aliye shuleni, na mfugaji hatoki bila kufungua zizi. Waulize watu hamsini, "ukiambiwa uondoke sasa, utahitaji muda gani?" Panga majibu kuanzia dogo hadi kubwa, na usitumie wastani. Tumia muda ambao watu 45 kati ya hao 50 watakuwa wamekwisha toka mlangoni.

Koeberg wanatupa mfano wa kipimo kinachobana kweli. Jiji la Cape Town limejiwekea kwamba watu wote wa kilomita 5 waweze kuondolewa ndani ya saa 4, na watu wa kipande chochote cha nyuzi 67.5 mpaka kilomita 16 ndani ya saa 16. Maombi ya kujenga nyumba mpya eneo hilo hupimwa kwa saa hizo. Ramani ya uhamishaji inageuka kuwa sehemu ya mipango miji, na nadhani hilo ndilo jambo ambalo kaunti zetu zinapaswa kulidai kabla ya jiwe la kwanza la kinu kuwekwa.

Ongeza na wale ambao hawakuambiwa waondoke lakini wataondoka. Three Mile Island, Pennsylvania, tarehe 30 Machi 1979, gavana aliwashauri wajawazito na watoto wadogo walio ndani ya maili 5 waondoke. Walitarajiwa watu elfu chache. Walioondoka walikuwa takriban 140,000. Marekani wapangaji hukadiria kwamba asilimia 20 ya watu walio nje kidogo ya ukanda, kati ya maili 10 na 15, wataingia barabarani. Wahesabu kwenye mtandao wako wa barabara, maana wako mbele ya wale unaotaka watoke kwanza.

Hatua ya 9: Tengeneza nafasi ya vipimo

Mionzi ikishatoka, ramani ya makadirio inapisha ramani ya vipimo. Andaa mapema tabaka tupu lenye safu za saa, mahali, maikrosieverti kwa saa (kipimo cha mionzi) na jina la mpimaji, na lijaribu kwenye simu bila intaneti. Weka rangi zibadilike kwenye viwango vya shirika la atomiki: 1,000 kwa saa ni kuondoka mara moja au kujikinga ndani, 100 kwa saa ni kujiandaa kuhama. Baada ya Fukushima, raia wa kujitolea wa Safecast walitembea na vipimo vyao kwenye magari wakachora ramani ya nchi yao barabara kwa barabara. Vijana wenye simu na pikipiki tunao.

Hatua ya 10: Chapisha

Umeme utakatika na minara ya simu itazidiwa, kwa hiyo ramani yako iishie kwenye karatasi. Tumia sehemu ya atlasi ya QGIS kutoa ukurasa mmoja kwa kila eneo, ukubwa wa A3, wenye mambo machache: uko wapi, basi utalipandia wapi, barabara ipi, kituo kipi, na kituo kipi kama barabara hiyo imefungwa. Andika kwa lugha ya hapo, herufi kubwa, na alama wanazozijua: mbuyu, msikiti, kanisa, kiwanda cha zamani. Zijaribu rangi kwa kuchapisha nakala moja nyeusi na nyeupe, kwa kuwa ndiyo itakayonakiliwa.

Kisha mpe ukurasa huo mtu ambaye hakushiriki kuuchora, dereva wa basi au mzee wa mtaa, na panda naye gari. Usimwelekeze. Kila anaposimama kuuliza au kupinda pasipostahili, weka alama kwenye nakala yako. Jioni rudi mezani urekebishe, uandike tarehe pembeni ya ramani, na upange siku ya kuijaribu tena na dereva mwingine, safari hii usiku.